Bunduki ya Upepo: Kwa Nini Hukosa Shabaha, na Jinsi Inavyotulizwa

Watu wengi wanaoishika bunduki ya upepo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni chombo chepesi kisicho na siri. Haitumii baruti, haitoi mshindo mkubwa, na kidonge chake cha risasi aghalabu hakifiki uzito wa gramu moja. Hata hivyo, wapiga shabaha hodari waliozoea bunduki kubwa za baruti mara nyingi hupata fedheha wanapopewa bunduki ya upepo inayoendeshwa kwa springi. Vidonge vyao hutawanyika karatasi nzima. Wakikaza mikono ili kuidhibiti, mambo huzidi kuharibika. Ndipo hulaumiwa mtutu, kisha kilengeo, na mwishowe hununuliwa springi yenye nguvu zaidi. Na hapo shabaha huwa mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Kosa hilo halitokani na mkono dhaifu. Linatokana na kutofahamu mambo yanayotendeka ndani ya bunduki katika muda usiozidi sehemu mbili za mia za sekunde. Mambo hayo yote yamo katika fizikia ya shule ya sekondari: kanuni za mwendo alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687, nishati ya springi, na joto la hewa iliyoshindiliwa. Makala haya yanaeleza jinsi bunduki hiyo inavyofanya kazi, jinsi aina zake zinavyolinganishwa, na jinsi mafundi wanavyoirekebisha ili itulie mikononi.

Muundo wake

Ndani ya bunduki ya upepo ya aina hii mna silinda ya chuma. Ndani ya silinda mna pistoni, na nyuma ya pistoni mna springi ndefu iliyopinda kama koili. Mpigaji anapoikoki bunduki, huvuta wenzo unaoirudisha pistoni nyuma na kuikaza springi, mpaka ndoano ya kifyatulio iishike pistoni. Kisha huweka kidonge kimoja katika mwanzo wa mtutu. Kati ya silinda na mtutu kuna tundu jembamba la kupitishia hewa.

Kifyatulio kikivutwa, ndoano huiachia pistoni. Springi huisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyo mbele yake hushindiliwa, nayo hupita katika lile tundu na kukisukuma kidonge mtutuni. Hivyo si kweli kwamba bunduki hii imewekewa akiba ya upepo, kama jina lake linavyoweza kumfanya mtu afikiri. Akiba yake ni nishati ya springi tu. Hewa ni mjumbe anayeipokea nishati hiyo kutoka kwa pistoni na kuifikisha kwa kidonge.

Tuchukue mfano wa hesabu unaokaribiana na hali ya bunduki nyingi za aina hii. Tuseme springi inasukuma kwa kani ya wastani ya nyutoni 400, na pistoni husafiri sentimita 8. Kazi inayofanywa na springi ni 400 × 0.08, yaani jouli 32. Kidonge chenye tungamo la gramu 0.53 kikitoka kwa kasi ya mita 200 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili, yaani jouli 10.6. Kidonge kimepata theluthi moja tu ya nishati ya springi. Theluthi mbili zilizobaki zimepotea katika msuguano, katika joto, katika mitetemo ya springi, na katika kuitikisa bunduki yenyewe. Fundi anayeirekebisha bunduki hushughulika hasa na hizo theluthi mbili zilizopotea.

Teke la nyuma na teke la mbele

Kanuni ya tatu ya Newton hutufundisha kwamba kila tendo lina tendo mkabala lililo sawa nalo. Katika bunduki ya baruti, risasi huenda mbele na bunduki hurudi nyuma kumpiga mpigaji begani. Wengi hudhani kwamba katika bunduki ya upepo pia ni kidonge kinachosababisha teke. Hesabu inaonyesha kwamba sivyo.

Momenta ya kidonge ni tungamo lake mara kasi yake: kilogramu 0.00053 mara mita 200 kwa sekunde, yaani takriban 0.106. Bunduki yenye kilogramu 4 ingerudi nyuma kwa kasi isiyofika sentimita 3 kwa sekunde. Mkono usingelihisi jambo hilo. Lakini pistoni, pamoja na sehemu ya springi inayokwenda nayo, ina kilogramu 0.3 hivi, nayo hufikia kasi ya kama mita 12 kwa sekunde. Momenta yake ni 3.6, yaani zaidi ya mara thelathini ya ile ya kidonge. Wakati pistoni inakwenda mbele, bunduki hurudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde. Hilo ndilo teke la kwanza.

Teke la pili hufuata mara moja. Pistoni inapokaribia mwisho wa silinda, hukutana na mto wa hewa iliyoshindiliwa, ikasimama ghafla, na mara nyingi ikadunda nyuma kidogo. Momenta iliyokuwa nayo huhamia kwenye silinda, na bunduki iliyokuwa ikirudi nyuma husimamishwa na kurushwa mbele. Bunduki ya baruti haina teke hili la mbele. Ndiyo sababu darubini za kulengea zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za baruti huweza kuvunjika zikifungwa juu ya bunduki ya springi: zimeundwa kustahimili mshtuko wa upande mmoja, nazo hupata wa pande mbili.

Umbali ambao bunduki husogea unaweza kukadiriwa bila kujua kasi yoyote. Kwa kuwa hakuna kani kubwa kutoka nje, kitovu cha tungamo cha bunduki nzima hubaki mahali pake. Pistoni ya kilogramu 0.3 ikisogea mbele sentimita 8 ndani ya bunduki ambayo jumla yake ni kilogramu 4, bunduki hurudi nyuma kwa 0.3 × 8 ÷ 4, yaani sentimita 0.6. Milimita sita si nyingi. Tatizo ni kwamba huja wakati kidonge bado kimo ndani.

Pistoni huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kusafiri, na kidonge huanza kwenda kwa kasi pale tu pistoni inapofika karibu na mwisho. Kwa hiyo kidonge hutoka mtutuni wakati bunduki imekwisha kurudi nyuma na inaanza kurushwa mbele. Kikitoka, hufuata mwelekeo wa mtutu wa wakati huo, wala si ule aliouona mpigaji alipovuta kifyatulio.

Hasara yake huonekana wazi katika mashindano ya mita 10. Mchezo huu wa bunduki ya upepo uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles mwaka 1984, kwa wanaume na kwa wanawake. Katika shabaha inayotumika siku hizi, nukta ya alama 10 ina kipenyo cha milimita 0.5 tu, na kila duara linalofuata liko milimita 2.5 zaidi kutoka katikati. Tuseme bunduki yenye urefu wa mita 1 imeinama kiasi kwamba mdomo wake umesogea milimita 1. Kwa umbali wa mita 10 kidonge kitapotoka milimita 10, na mpigaji atapoteza alama nne. Bunduki inayosogea milimita sita nyuma ina nafasi kubwa ya kuinama milimita moja njiani, endapo mkono mmoja umeikaza kuliko mwingine.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mpigaji hodari aliyefedheheka. Anapoikaza bunduki, huizuia isisogee moja kwa moja, na kuilazimisha igeuke upande ulio dhaifu. Wajuzi huilaza juu ya kiganja kilichofunguliwa, bila kuibana, na kuiacha iende na kurudi kwa namna ile ile kila mara. Wala hawailazi juu ya meza au jiwe gumu, kwa kuwa bunduki hudunda na kuruka juu. Kosa linalojirudia sawasawa linaweza kusahihishwa kwa kilengeo. Kosa linalobadilika kila mara halina dawa.

Hewa inapogeuka kuwa tanuri

Mwanafunzi aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto upande wa chini. Kazi inayofanywa juu ya hewa hugeuka kuwa joto. Katika pampu ya baiskeli joto hupata nafasi ya kutoroka. Katika bunduki ya upepo tendo ni la haraka mno.

Iwapo hewa yenye joto la digrii 27 za Selsiasi itashindiliwa hadi sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, bila joto kupotea, kanieneo yake itapanda hadi takriban mara 66 ya ile ya angahewa, na joto lake kufika karibu digrii 720. Katika silinda halisi sehemu ya joto hilo humezwa na chuma, lakini bado hewa huwa na moto wa kutosha kuunguza mafuta. Hiyo ndiyo kanuni ya injini ya dizeli, ambayo huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila cheche.

Wachunguzi wawili wa Uingereza, G. V. Cardew na G. M. Cardew, waliotoa kitabu chao kuhusu bunduki za upepo mwaka 1976, walilijaribu jambo hili kwa njia iliyo rahisi kueleweka. Walifyatua bunduki ya springi katika hewa ya kawaida, kisha katika gesi ya nitrojeni, ambayo haiwezi kuunguza kitu. Katika nitrojeni kasi ya kidonge ilishuka sana. Walionyesha hivyo kwamba katika bunduki zenye nguvu, chembe za mafuta ya kulainishia huungua kidogo kila mara na kuongeza msukumo.

Mwako huo mdogo hauna madhara. Lakini mtu akitia matone ya mafuta ya kawaida mbele ya pistoni akidhani anailainisha, mwako hugeuka kuwa mlipuko. Bunduki hutoa mshindo na moshi, pistoni hurushwa nyuma kwa nguvu, springi huweza kuvunjika, na kidonge hutoka kwa kasi isiyotabirika. Wapo wanaofurahia mshindo huo wakidhani bunduki imepata nguvu. Kwa kweli ni ishara ya chombo kinachojiharibu.

Njia za wahandisi

Wahandisi wamejaribu kulishinda teke kwa njia kadhaa, na kila moja ni somo la fizikia.

Njia ya kwanza ni kulipinga teke kwa teke. Mhandisi Mjerumani Kurt Giss alibuni mfumo wa pistoni mbili zilizounganishwa kwa gia. Pistoni ya mbele hushindilia hewa. Ya nyuma huenda upande wa pili kwa wakati ule ule, bila kazi nyingine isipokuwa kuifutilia mbali momenta ya mwenzake. Kiwanda cha Diana cha mjini Rastatt kilitumia mfumo huo katika bunduki na bastola zake za mashindano. Jumla ya momenta ikiwa sifuri, bunduki hutulia mikononi. Gharama yake ni gia nyingi, zinazohitaji kupangwa kwa makini sana na fundi aliyehitimu.

Njia ya pili ni kuliacha teke litokee, ila lisimfikie mpigaji. Kiwanda cha Feinwerkbau cha Oberndorf kilitengeneza bunduki ambazo mtutu na silinda yake huteleza juu ya reli ndani ya kitako. Kifyatulio kinapovutwa, reli hufunguliwa, na sehemu yote ya chuma hurudi nyuma kwa unyofu milimita chache, huku kitako kikibaki begani kimetulia. Bunduki ya aina hiyo iitwayo Feinwerkbau 300S, yenye uzito wa karibu kilo 5, ilitawala mashindano mengi katika miaka ya 1970.

Njia ya tatu ni kuiondoa springi ya chuma na kuweka mahali pake gesi iliyofungiwa ndani ya pistoni. Kampuni ya Theoben ya Uingereza iliieneza njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gesi haina uzito wa koili, haijipindi inapofunguka, wala haitetemi kama waya wa gitaa. Teke bado lipo, tena ni kali, lakini ni fupi zaidi.

Katika Olimpiki za siku hizi, bunduki za mita 10 hazitumii springi. Hutumia hewa iliyokwisha kushindiliwa katika chupa ndogo, ambayo hufunguliwa kwa vali. Kwa kuwa hakuna pistoni nzito inayokimbia, karibu teke lote limetoweka. Hata hivyo bunduki za springi zingali zikitengenezwa na kutumika kwa wingi, kwa sababu hazihitaji pampu wala chupa. Mkono wa mpigaji unatosha.

Kulinganisha kwa haki

Mnunuzi asiye na uzoefu hulinganisha bunduki kwa namba moja, nayo ni kasi ya kidonge. Kipimo hicho hupotosha. Kasi hutegemea uzito wa kidonge, na mtengenezaji anaweza kuipandisha kwa kutumia kidonge chepesi mno. Kidonge chepesi mno, pamoja na hayo, hutoka mapema na kuiacha pistoni bila mto wa kutosha wa hewa, ikagonga mwisho wa silinda. Kwa sababu hiyo hiyo bunduki ya springi haifai kufyatuliwa bila kidonge.

Mambo yanayostahili kulinganishwa ni haya. Kwanza, mtawanyiko wa vidonge kumi vilivyopigwa kwa kulenga mahali pamoja. Pili, tofauti ya kasi kati ya kidonge na kidonge. Bunduki ya mita 180 inayorudia kasi yake ni bora kuliko ya mita 250 inayobadilika. Tatu, uzito na mgawanyo wake, kwani bunduki nzito husogea kidogo zaidi kwa teke lile lile. Nne, kani inayohitajika kuikoki, kwa kuwa mpigaji aliyechoka hatetemeki kwa sababu ya bunduki bali kwa sababu ya misuli yake. Tano, wepesi na unyofu wa kifyatulio.

Muundo wa kukoki nao una maana. Katika bunduki nyingi mtutu wenyewe hukunjwa ukawa ndio wenzo, kama ilivyo katika Weihrauch HW35. Muundo huo ni mwepesi na rahisi, lakini mtutu lazima urudi mahali pale pale kila mara, na mtindo wa kifungio chake ukilegea shabaha hupotea. Katika Weihrauch HW77 mtutu umekazwa kabisa, na wenzo uko chini yake. Bunduki hiyo ina karibu kilo 4. Uzito wake humchosha anayeibeba, lakini humsaidia anayelenga.

Anayelinganisha kisayansi hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadilisha springi, kidonge na grisi siku moja, kisha akaona shabaha imekuwa bora, hatajua ni lipi lililosaidia. Tena haridhiki na vidonge vitatu, kwa maana vitatu vinaweza kukusanyika kwa bahati. Hupiga mafungu kadhaa ya vidonge kumi na kutafuta wastani.

Kurekebisha kwa ajili ya utulivu

Kazi ya fundi mzuri haianzi na springi. Huanza na skrubu za kitako, ambazo hulegezwa na mateke ya pande mbili, na washa inayoziba mahali mtutu unapokutana na silinda. Mara nyingi bunduki iliyodhaniwa imeharibika huponywa na bisibisi peke yake.

Hatua inayofuata ni springi. Springi ikifunguka ndani ya nafasi pana hupepesuka na kugonga kuta, ikatoa mlio na mtetemo. Fundi huweka fimbo ya kuongoza, aghalabu ya plastiki ngumu, inayoingia ndani ya koili bila kulegea. Ncha za springi husawazishwa na kung'arishwa, kwa sababu springi inapokazwa na kufunguka hujizungusha kidogo. Washa laini mwishoni huiacha izunguke bila kuizungusha bunduki. Kisha hupakwa grisi nzito kidogo juu ya koili ili kumeza mtetemo. Sehemu za chuma zinazosuguana hupakwa bandiko la molibdeni disulfidi, ambalo hulainisha bila kuwaka kwa urahisi. Mbele ya pistoni hapapakwi mafuta.

Swali gumu zaidi ni la nguvu. Kila mwanafunzi angedhani kwamba kupunguza nguvu ya springi ni kuishusha hadhi bunduki. Turudi kwenye hesabu. Tuseme fundi anapunguza kani ya wastani kutoka nyutoni 400 hadi 320, yaani kwa moja ya tano. Ikiwa theluthi ile ile hufika kwa kidonge, kasi hushuka kutoka mita 200 hadi 179 kwa sekunde. Kwa mita 10 kidonge kilichokuwa kikianguka milimita 12 kwa mvutano wa dunia sasa kitaanguka milimita 15. Hasara ni milimita 3, nayo ni ile ile kila mara. Huondolewa kwa kugeuza kilengeo mara moja tu. Faida yake ni teke dogo zaidi, kukoki kwepesi, na maisha marefu ya springi. Ndiyo maana mafundi stadi husema, kwa maneno mbalimbali, kwamba bunduki iliyotulia huishinda bunduki yenye nguvu.

Marekebisho mengine yana pande mbili. Pistoni nyepesi hupunguza teke la kwanza na kufupisha muda wa safari, lakini hudunda kwa urahisi zaidi juu ya mto wa hewa. Pistoni nzito hushindilia vizuri, lakini huirusha bunduki. Tundu la hewa likiwa pana mno, mto wa hewa hudhoofika. Likiwa jembamba mno, hewa huchelewa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa bunduki zote. Springi, pistoni, tundu na kidonge hupimwa pamoja.

Hatari na sheria

Kidonge cha bunduki ya upepo hupofua jicho, na kutoka karibu huweza kuua. Bunduki hii si kitu cha kuchezea. Hairuhusiwi kuelekezwa kwa mtu, iwe imekokiwa au haijakokiwa, na nyuma ya shabaha lazima pawe na kizuizi kisichorudisha vidonge. Risasi ni metali yenye sumu. Mikono huoshwa kabla ya kula.

Hatari ya pili imo ndani. Hata bunduki ambayo haijakokiwa, springi yake imeshindiliwa kwa kani ya nyutoni mamia kadhaa. Anayefungua silinda bila kifaa maalumu cha kuizuia springi huweza kupigwa usoni na kipande cha chuma. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye karakana, si ya mwanafunzi mwenye bisibisi.

Sheria nazo hupima kwa jouli. Nchini Ujerumani, bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5 huwekwa alama ya herufi F ndani ya pembetano, na mtu mzima huweza kuinunua bila kibali. Katika England na Wales mpaka wa bunduki isiyohitaji cheti cha silaha ni takriban jouli 16.3, huko Scotland cheti kimehitajika tangu mwisho wa mwaka 2016 hata chini ya mpaka huo. Fundi anayeongeza nguvu ya bunduki bila kupima kasi anaweza kumfanya mteja wake mhalifu bila kujua. Katika nchi za Afrika Mashariki, anayetaka kumiliki bunduki ya upepo sharti aulize kwanza kituo cha polisi.

Jaribio la darasani

Mwalimu hahitaji bunduki yoyote kuwaonyesha wanafunzi teke la pistoni. Ubao mwepesi wa kilogramu 1 huwekwa juu ya penseli kadhaa za mviringo zilizolazwa mezani sambamba. Juu ya ubao huwekwa kigari cha kuchezea kilichojazwa mchanga mpaka kifike gramu 200. Kigari hufungwa kwa mpira uliovutwa kutoka misumari miwili ya mbele ya ubao, na huzuiwa kwa uzi uliofungwa kwenye msumari wa nyuma. Mbele kabisa huwekwa kizuizi cha mbao, sentimita 20 kutoka kwenye kigari.

Uzi huchomwa kwa kibiriti. Kigari hukimbia mbele, na ubao hurudi nyuma. Kigari kinapogonga kizuizi, ubao husimama ghafla. Wanafunzi wapime umbali ambao ubao umesogea, kisha waulinganishe na hesabu: 0.2 × 20 ÷ 1.2, yaani sentimita 3.3. Msuguano utaupunguza kidogo, nao ni mjadala mzuri wa darasa. Baadaye wabadilishe uzito wa kigari, kisha uzito wa ubao, jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo katika jedwali.

Jaribio la pili ni la kuhesabu tu. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa pendulo: risasi huingia katika gogo linaloning'inia, na umbali ambao gogo limebembea hufichua kasi. Kidonge cha mfano wetu, chenye momenta ya 0.106, kikikwama katika gogo la kilogramu 0.5, gogo litaanza na kasi ya mita 0.21 kwa sekunde. Likiwa limening'inizwa kwa kamba ya mita 1, litabembea karibu sentimita 7. Wanafunzi wathibitishe jibu hilo kwa kutumia kanuni ya hifadhi ya nishati.

Hivyo bunduki ndogo isiyo na baruti imekusanya ndani ya silinda moja karibu nusu ya silabasi ya umakanika na joto. Mpigaji anayezijua kanuni hizo haongezi springi anapokosa shabaha. Hulegeza mikono, hukaza skrubu, hupima, kisha hupiga tena vidonge kumi.